Sanamu Zilizozoea Mvua: Kwa Mchongaji wa Barabara ya Kasenga

Nilijizuia kwa makusudi kuandika habari hizi mapema. Sanamu iliyochongwa ili ikae nje haihukumiwi siku ile inaposhushwa garini ikiwa bado inanukia nta, bali huhukumiwa baada ya kulowa na kukauka, kisha kulowa tena na kukauka tena, hasa hapa kwetu Lubumbashi, ambako mvua inayokaribia milimita 1,200 kwa mwaka humwagika karibu yote kati ya Novemba na Machi, na baadaye, kuanzia Mei hadi Septemba, haupati hata tone la kutuliza vumbi. Mti uliovimba kwa miezi mitano hubanwa na ukavu kwa miezi mingine mitano, na hapo ndipo unapopasuka. Sanamu niliyoinunua mimi, mwanamke aliyeketi juu ya bidoni (dumu) la maji, imekwisha kupita misimu miwili ya namna hiyo katika lupango yangu, yaani uwanja wa nyumba, bila paa na bila turubai, na sasa nadhani ninaweza kusema kitu juu ya fundi aliyeichonga.

Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe hakutaka litajwe. Anasema mwenye kumhitaji atamwona. Ni kweli kwamba haihitajiki juhudi kubwa. Kijiji chake kiko mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka mjini, katika barabara ya Kasenga, ile ile inayotuletea samaki wa mto Luapula na makala, yaani mkaa, ya kupikia. Hakuna kibao. Utakachokiona kwanza ni kichuguu, mojawapo ya vile vichuguu vya miombo ya kwetu vinavyopita kimo cha nyumba, na juu ya kichuguu utaona mtu anayesukuma baiskeli. Kwa aliye ndani ya gari linalokimbia, huyo ni mtu wa kweli kabisa. Dereva aliyenipeleka, ambaye hupita njia hiyo kila wiki, alikiri kwamba alikwisha kumpigia honi mara mbili.

Nyuma ya kichuguu ndipo unapoanza uwanja wenyewe. Hauna ukuta wala mpangilio wa maonyesho, na siku ya kwanza nilihesabu humo sanamu 23, baadhi zikiwa ndefu kuliko mtu, nyingine zikiwa zimeinama kiasi kwamba ni lazima uchuchumae ili uone zinafanya nini. Kuku hupita katikati yake, nguo huanikwa juu ya mojawapo, na mtoto aliyekuwa akila embe alikuwa ameegemea goti la mzee wa mti bila kujua kwamba ameegemea kitu ambacho wengine husafiri kuja kukitazama.

Nianze na yule wa baiskeli, kwa sababu kwa maoni yangu ndiye kazi bora zaidi ya uwanja mzima, na pengine ndiye sababu ya kutosha ya kufanya safari. Kila mkazi wa Lubumbashi anawafahamu watu hao wanaoingia mjini alfajiri wakisukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia ya makala, mkono mmoja kwenye usukani na bega likiwa limekandamizwa kwenye mzigo. Tunawapita, tunawapunguzia bei, na hatuwatazami. Mchongaji amemtoa mtu wake katika panda moja ya mti: tawi moja la panda ni mwili wa mwanamume, la pili ni mzigo, na mahali matawi yanapokutana ndipo bega linapogusana na gunia, kiasi kwamba huwezi kusema nyama inaishia wapi na mzigo unaanzia wapi. Magurudumu hayakuchongwa yote. Nusu tu ya kila moja inaonekana, kana kwamba baiskeli imezama katika tope la mwezi wa pili. Uso nao hauonekani. Kichwa kimeinamishwa kati ya mikono, na juhudi zote za fundi zimekwenda kwenye shavu la mguu wa nyuma, ambalo limekazwa na kupindwa kufuata nyuzi za mti zenyewe. Nilipomuuliza kwa nini hakuchonga uso, alijibu kwamba mtu anayepanda mlima na magunia matatu hana uso wa kuonyesha.

Wapo pia watu saba wa foleni ya maji, wanawake na watoto, kila mmoja na bidoni lake, wamepangwa kuelekea bomba ambalo halipo. Yupo mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye picha zake zilizopakwa rangi zilijaa katika nyumba za mji huu miaka ya 1970. Lakini wa kwake hana nyoka shingoni wala saa mkononi kama tulivyozoea kumwona, bali amekaa kando ya mfereji wa maji machafu akifua nguo. Yupo mtu wa kizuizi cha barabarani, ameketi na kamba mkononi, na mkono mwingine, ule ulio wazi, umerefushwa kupita kiasi cha binadamu. Wanakijiji wote hucheka wanapokuonyesha huyo, na mgeni mwenye gari hucheka zaidi.

Wanne kati ya watu wa foleni hawakuwahi kuondolewa mahali walipoota. Ni visiki vilivyoachwa na wachoma makala, vikachongwa vikiwa bado na mizizi yake ardhini, na kwa kuwa miti mingi ya miombo huchipuka upya kutoka kwenye shina lililokatwa, mmoja wao, mwanamke wa tatu kutoka mbele, ana chipukizi la mutondo linalotoka chini ya kisigino na sasa limefika kiunoni mwake. Fundi halikati. Hakika kwamba hilo ni wazo la sanaa au ni uvivu, sikuweza kuipata, na niseme wazi kwamba alipoulizwa alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini nyasi humea.

Watu wa mjini hupenda kusema juu ya mchongaji wa namna hii kwamba hakufundishwa na mtu yeyote, na husema hivyo kwa sauti ya sifa. Mji wetu una historia ndefu ya upendo huo. Mwaka 1946, wakati ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana iliyokuja kujulikana kama Hangar, akawakusanya vijana na kuwakataza kuiga Ulaya, na kutoka hapo wakatokea Pilipili Mulongoy na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake, na Bela Sara aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha chuo cha sanaa, na tangu wakati huo tumekuwa tukibishana kama shule huharibu mkono au huunyoosha. Mimi siamini kwamba kutosoma ni kipaji. Mchongaji huyu hakwenda chuo, ni kweli, wala hakuwahi kushika penseli ya kuchorea. Lakini alikua pembeni ya mjomba aliyechonga vinu, michi na viti vya miguu mitatu, na kabla ya kuchonga mtu wa kwanza alikuwa amechonga vinu kwa miaka. Ukilijua hilo, utaona mambo mawili mara moja: kwamba anajua kutoboa gogo na kulipunguza uzito kutoka ndani, jambo ambalo wachongaji wengi wenye vyeti hawalijui; na kwamba watu wake walioketi ni bora mno kuliko watu wake waliosimama. Mwanamke wangu wa bidoni ana umbo la kinu kabisa, mguu mpana, kiuno chembamba, mdomo uliofunguka juu. Wageni wamemwambia kuwa kazi zake zinafanana na vile viti vya watemi wa Kiluba vinavyobebwa na mwanamke. Yeye husikiliza kwa adabu, kisha hurudi kwenye tezo lake.

Shule yake ya pili ilikuwa tanuru. Alichoma makala kwa muda mrefu kabla ya kuchonga, na kazi hiyo, ambayo imetuachia viwanja vitupu pande zote za mji, ilimfundisha miti kwa namna ambayo hakuna kitabu kingeweza kumfundisha. Mchoma makala hurudi mahali alipokata mwaka jana, naye huona ni magogo gani yamekuwa unga, na yapi bado yamelala kama yalivyoachwa. “Mama,” aliniambia, “miti hii sikuichagua mimi. Ni mchwa walioichagua.” Na hakuwa akitia chumvi. Vipande vinavyobaki baada ya kukata gogo jipya huvipanga chini ya kichuguu chake, na kuviacha hapo msimu mzima wa mvua. Kipande kilichofunikwa kwa ngozi ya udongo na kuliwa, mti wake hauingii tena karakanani. Watafiti waliopima kwa njia ya kaboni umri wa vichuguu vikubwa vya miombo ya Katanga walikuta kwamba kuna vilivyozidi miaka 2,000. Sijui umri wa kile chake, lakini nilipenda kufikiri kwamba mitihani hiyo inasahihishwa na wazee wa namna hiyo.

Miti inayofaulu kwake ni miwili tu, na ningemshauri kila mnunuzi akariri majina yake. Wa kwanza ni mubanga, mgumu kama jiwe, ule ambao wazee waliufanya nguzo za kuchimbia ardhini. Unavunja makali ya patasi na subira ya fundi, kwa hiyo bei yake iko juu. Wa pili ni mulombwa, unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, mwepesi zaidi kuchonga, na wenye sifa kubwa ya kutosinyaa sana unapokauka. Lakini hata katika mulombwa, sehemu inayostahimili ni ile ya ndani yenye rangi ya hudhurungi. Tabaka jeupe la nje ni chakula cha wadudu. Baadhi ya wachongaji wa mjini huliacha tabaka hilo kwa sababu weupe na wekundu vikikaa pamoja hupendeza macho, nami niliwahi kununua kichwa cha namna hiyo mahali ambapo sitapataja. Kilikaa sebuleni, si nje, na baada ya mwaka mmoja nilikuwa nikifagia unga chini ya sikio lake kila asubuhi. Mchongaji wa Kasenga huondoa weupe wote, hata kama ni lazima sanamu ipungue unene. Miti laini kama mwembe na jakaranda, ambayo huchongwa haraka na kung’arishwa vizuri, haigusi kabisa kwa kazi za nje.

Kuna jambo moja ambalo huwatia wateja wengi wasiwasi, nalo linahitaji maelezo. Ukizunguka nyuma ya karibu kila sanamu yake utakuta mfereji mwembamba umechimbwa kwa bobari kutoka shingoni hadi chini, ukiingia ndani kufikia kitovu cha gogo. Si kosa, wala si mti uliooza ukakwanguliwa. Gogo linapokauka, husinyaa kwa kuuzunguka mduara wake karibu mara mbili ya vile linavyosinyaa kuelekea katikati, na kwa sababu hiyo gogo zima lenye kitovu chake ndani ni lazima lipasuke mahali fulani. Anachofanya fundi ni kulichagulia mahali pa kupasukia. Sanamu yangu ilipofika ilikuwa na mfereji wa upana wa kidole kidogo. Katikati ya kiangazi cha kwanza ungeweza kuingiza humo kidole gumba, na uso wa mbele haukuwa na ufa hata mmoja. Mvua iliporudi, mfereji ulijifunga kidogo. Nimesikia kuna mteja aliyerudi na sanamu akitaka mfereji ujazwe gundi na unga wa mbao. Akiujaza, mti utapasuka mbele, kifuani au usoni, na hapo hatakuwa na mtu wa kumlaumu.

Mguu wa kila sanamu, ile sehemu itakayogusa ardhi, huchomwa moto hadi uvae gamba jeusi, kisha husuguliwa. Hapo mchoma makala wa zamani anaonekana, kwa maana anajua kiasi cha kuunguza bila kula mti. Hata hivyo asikudanganye mtu kwamba moto peke yake unatosha. Gamba hilo husaidia mti ulio imara, lakini halitaokoa jakaranda. Vichwa vya magogo mabichi huvipaka nta ya nyuki na kuvifunika kwa magunia yenye unyevu ili visikauke haraka kuliko tumbo. Kuhusu mafuta ya vidanje, yaani mafuta machafu ya injini, ambayo wengi huyamwaga juu ya mbao za nje, yeye hayataki, kwa sababu anasema yanaua nyasi na yananuka kama gereji. Nami, ambaye hupanda lengalenga (mchicha) hatua mbili kutoka kwenye sanamu, namuunga mkono. Juu hapaki kitu chochote. Matokeo yake ni kwamba jua litaila rangi: ule wekundu utakaoupenda siku ya kununua utakuwa kijivu cha majivu kabla ya mwaka kwisha. Asiyependa kijivu atumie mafuta ya kitani mara moja kila kiangazi, kwa kuwa hayo hukauka. Asifanye nilivyofanya mimi, nilipomsikiliza jirani na kupaka bega moja mafuta ya mawese. Mawese hayakauki kamwe. Kwa wiki kadhaa bega lile lilikuwa likinata na kukusanya nzi, kisha likashika ukungu mweusi ambao niliuondoa kwa msasa na machozi.

Baada ya sifa hizo ni haki niseme pia yasiyonipendeza, na ni mengi kiasi. Mikono ya watu wake ni dhaifu. Vidole huwa vinne au vitano kwa bahati, na mara nyingi mikono imefichwa mahali ambapo haikulazimika kufichwa, nyuma ya mgongo au ndani ya kitambaa, hadi unaanza kushuku kwamba mkao mzima ulibuniwa ili kukwepa kazi hiyo. Nyuso nazo zina ndugu mmoja: pua ile ile, kope zile zile nzito, awe mtoto awe bibi. Yule mwanamume wa baiskeli ameokolewa na kutokuwa na uso.

Kibaya zaidi ni ile meza iliyo chini ya mwembe. Hapo hupangwa vitu vidogo kwa ajili ya wapita njia, na sijui kama ni yeye anayevichonga vyote au ni vijana wanaomsaidia: twiga wenye shingo za kujipinda, simba, vinyago vya kuning’iniza ukutani, visahani vya karanga. Vimepakwa rangi ya viatu nyeusi inayoshika vidoleni, na vinang’aa namna ile ile vinavyong’aa vitu vyote vinavyouzwa kando ya malakiti, yale mawe ya kijani, mjini. Twiga hakuna mtu wa kijiji kile aliyewahi kumwona, na inaonekana. Nilimwambia hivyo, kwa heshima inayostahili umri wake, naye akanijibu kwamba twiga ndiye anayelipa ada ya shule wakati mwenye baiskeli anasimama tu juu ya kichuguu. Sikuwa na jibu. Lakini mnunuzi hana wajibu wa kulipa ada kwa kununua kitu kibaya. Mwenye fedha kidogo na achukue kimojawapo cha vile viti vya miguu mitatu, ambavyo anavichonga kwa mkono ule ule wa mjomba wake, visivyopakwa chochote, na ambavyo sioni kasoro yake.

Sasa huduma. Sanamu yangu, yenye kimo cha mita moja na kitu, ya mubanga, niliilipia dola 180, na kati ya hizo dola 80 zilikuwa avansi, malipo ya kutangulia. Ukilinganisha na bei za mjini kwa kitu cha ukubwa huo, si ghali. Ukikumbuka siku za kazi zilizomo, ni rahisi kuliko inavyopaswa. Bei haipandi kwa kuwa umeshuka kutoka kwenye gari zuri, jambo ambalo nililijaribu kwa kumtuma ndugu yangu aliyekwenda kwa basi. Risiti hakuna. Mimi huandika masharti kwenye daftari, yeye huweka sahihi, nami huweka yangu, na hadi sasa daftari halijawahi kutuletea ugomvi.

Tatizo ni muda. Aliniambia wiki sita. Zilipita wiki sita, zikapita kumi, nami nikaanza kupiga simu ambayo haikupokelewa, kwa sababu mtandao wa kijiji hupatikana tu akipanda juu ya kichuguu, kando ya yule mwenye baiskeli, na hapandi ila jioni. Baada ya miezi mitano ndipo nilipoitwa. Sababu aliyoitoa ni kwamba gogo lilikuwa halijakauka, na kwamba kama angelichonga kama nilivyokuwa nikimsukuma, mfereji wa mgongoni usingetosha. Leo, nikitazama uso wa mbele usio na ufa, nakubali kwamba alikuwa na haki ya kuchelewa. Nisichokikubali ni kwamba alijua siku ya kwanza kuwa gogo ni bichi na hakuniambia. Fundi anayejua mti kiasi hicho anaweza kusema miezi mitano tangu mwanzo, na mteja wa kweli angengoja.

Usafirishaji ni juu yako. Ilihitaji wanaume wanne kuipakia, na walidai chao, kwa haki. Njiani, kwenye kizuizi kimoja, tulisimamishwa kwa saa mbili tukiulizwa karatasi ya kusafirisha mti, nikajaribu kueleza tofauti kati ya gogo na mwanamke aliyeketi juu ya bidoni, bila mafanikio ya haraka. Ulizo lenyewe si la kipuuzi kabisa, kwa kuwa misitu ya pande hizi imevunwa vibaya. Mukula, ndugu wa mulombwa, uliondoka hapa kwa malori, na mwaka 2019 uliwekwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mchongaji hakati mti uliosimama, anatumia visiki na magogo yaliyoachwa na wachoma makala, lakini mtu wa kizuizi hana namna ya kulijua hilo. Kwa hiyo ombeni barua ya chifu wa kijiji kabla ya kupakia. Inaandikwa kwa dakika kumi, na ndugu yangu alipobeba viti vyake na barua hiyo hakusimamishwa hata kidogo. Mwenye nia ya kuvusha kazi mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa au kuipandisha ndege, na aulize taratibu mapema zaidi.

Nyumbani, msiifukie sanamu katika zege. Fundi wa ujenzi atapendekeza hivyo, kwa nia njema, na ataitengenezea sanamu yenu kikombe cha kushika maji ya mvua mguuni, mahali pale pale ambapo mti huanza kuoza, yaani pale hewa na udongo vinapokutana. Yangu imekaa juu ya mawe matatu bapa yaliyolazwa kwenye kokoto, haikugusa udongo, na uzito wake wenyewe unaishikilia. Mwezi wa pili wa mwaka huu nilikuta njia ya mchwa, ule mstari mwembamba wa udongo, ukitoka kwenye kokoto, ukapanda jiwe, ukafika kwenye gamba jeusi la mguu, ukalizunguka upande mmoja kama mtu anayetafuta mlango, kisha ukaishia hapo. Niliukwangua. Chini yake mti ulikuwa mzima, na njia haijarudi.

Nimekwisha kumwomba mara mbili aniuzie yule mwenye baiskeli, na mara zote mbili amekataa, akisema kwamba akiondoka hapo watu hawatajua tena mahali pa kusimama. Badala yake amekubali kunichongea mwingine, wa mulombwa, mtu huyo huyo akiwa amekwisha kuuza makala yake, ameketi chini na baiskeli haipo. Nilimtaka aniahidi kwamba mikono itaonekana, yote miwili, na vidole vyake; alicheka, akasema tutaona. Avansi nimetoa. Ameniambia itakuwa tayari Septemba, kabla ya mvua. Kwenye daftari, mbele yake, nimeandika Januari, naye akaweka sahihi bila kubisha.